Muulize Mzee wa Gereji: Kwadi ya zamani imeishiwa pumzi

Mwezi huu sijui nini kimewapata watu na hizi pikipiki za tairi nne. Nilikuwa nimejiandaa kujibu mambo ya boda na jenereta kama kawaida, lakini barua za kwadi zimekuja mpaka mhariri akaniambia mzee, wape kurasa yao. Haya. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ndani yake mna maswali ya watu wengine kama kumi ambao sikuwaweka hapa, wasinune.

Mzee shikamoo. Niko Kabale, upande wa kwenda Bunyonyi. Nilinunua Honda TRX350 ya mkono wa pili, 4x4, zamani ilikuwa inabeba watalii. Mimi nabebea viazi kutoka bondeni mpaka barabarani, magunia mawili, saa nyingine matatu. Mwanzoni ilikuwa inapanda na gia ya pili, saa hii hata gia ya kwanza inalia tu na haiendi. Nina laki saba. Kuna kijana ameniambia niweke filta ya wazi ile ya umbo la koni, ekzosi ya mbio, na tairi za inchi 27, ati itakuwa kama mpya. Nianze na kipi?
*Msomaji, Kabale*

Marahaba mwanangu. Usianze na chochote katika hivyo vitatu, na hio laki saba mpe mama watoto akuwekee kwanza.

Umeandika neno moja ambalo pengine wewe mwenyewe hukulitilia maanani, umesema "inalia tu na haiendi". Mimi mtu akiniletea pikipiki imekosa nguvu namuuliza swali hilo hilo kabla sijashika spana: ukipanda mlima inalia, au inakufa? Inayolia, yaani injini inazunguka kwa kasi na sauti inapanda lakini tairi hazifuati, hio injini yake ni nzima au karibu nzima, nguvu inapotelea njiani kati ya injini na tairi. Inayokufa, yaani unafungua mafuta na sauti inashuka, inakuwa nzito, inakoroma kama mtu mwenye mafua, hapo ndipo tunaanza kuuliza mambo ya hewa, mafuta, moto na kompresheni, yaani ule mbano wa hewa ndani ya silinda. Kijana wako anataka kukuuzia dawa ya inayokufa na wewe unayo inayolia.

Kwa hio wewe tunatafuta klachi. TRX350 ya gia za mguu haina mkono wa klachi pale kwenye usukani, lakini klachi zipo ndani, tena mbili, moja inajishika yenyewe injini ikipata mzunguko na ya pili inaachia pale unapokanyaga gia. Zote zinaogelea kwenye oili ya injini. Sasa niambie ukweli, hio oili uliyoweka ni ya gari? Manake nusu ya kwadi zinazokuja kwangu zikilia namna hio ukiuliza utasikia "mzee niliweka oili nzuri kabisa, ya bei, ile ya magari mapya". Oili nyingi za magari mapya zina dawa ya kuteleza ili gari ile mafuta kidogo, na klachi inayoogelea kwenye kitu cha kuteleza itateleza, haina namna. Tafuta oili ya pikipiki ambayo kopo lake limeandikwa JASO MA au MA2, hio alama ndiyo inasema klachi ya ndani ya oili itashika. Mwaga ya zamani ikiwa moto, weka mpya, endesha siku chache bila mzigo mkubwa, alafu mwaga tena uweke nyingine, manake oili moja haioshi yote iliyolowea kwenye sahani za klachi.

Siku hio hio ya oili rekebisha klachi, haina gharama hata shilingi. Mbele ya injini kuna skrubu yenye nati yake ya kufungia, haijifichi. Injini ikiwa imezimwa, legeza nati, zungusha skrubu kinyume cha saa taratibu mpaka uisikie imegusa kitu na inakataa, usiilazimishe, kisha irudishe mwendo wa saa robo mzunguko tu, uishikilie hapo hapo kwa bisibisi wakati unakaza nati. Ni hivyo tu. Nimewahi kuona mtu amepasua injini nzima, ametoa kila kitu nje kwenye gunia, kumbe tatizo lilikuwa ile robo mzunguko.

Kama baada ya hapo bado inalia, basi sahani na springi zimekwisha, na hapo ndipo laki saba inapata kazi ya maana. Seti ya sahani mpya na springi ngumu kidogo ni maendeleo makubwa kwa kwadi ya kubeba mzigo kuliko ekzosi yoyote utakayonunua. Angalia pia ile klachi ya kujishika, viatu vyake vikiwa vimeng'aa kama sahani ya chai na kile kikombe chake kimepata rangi ya bluu, kimeungua.

Kabla hujafunga, inua kwadi kwenye jeki. Mbele kwanza, weka nyutro, zungusha tairi kwa mkono. Ikikwama au ikisugua, breki imeshika. Hizi za ngoma mbele zikishaingia tope la bonde ukaliacha likauke, viatu vya breki havirudi, unatembea umebana breki siku nzima na unailaumu injini. Nyuma itakuwa nzito kidogo manake inazungusha na shafti, lakini isikwame. Fungua ngoma, toa udongo, piga brashi, paka grisi kidogo sana pale pa kugeukia na usiguse kabisa pale viatu vinaposhika.

Sasa nije kwenye kijana na vitu vyake. Tairi: kwadi yako ilitoka na tairi za inchi 24, ukipanda mpaka 27 umeongeza asilimia 12 na nusu ya kimo, na hio ni sawa na mtu kukunyang'anya kipande cha gia ya kwanza, manake kila mzunguko wa shafti sasa unasukuma umbali mrefu zaidi kwa nguvu ile ile. Kwadi yako ni ya shafti, si ya cheni, hakuna sprokoti ya kubadilisha ili ulipie hilo deni. Ongeza na uzito wa tairi lenyewe. Kama zako zimeisha meno nunua mpya za saizi ile ile zenye meno marefu ya tope, tena kama hela haitoshi za nne nunua mbili za nyuma kwanza, zenye kimo sawa sawa na zile za mbele zilizobaki.

Filta ya koni sitaki hata kuiona Kabale. Kiangazi vumbi, masika tope, na sanduku la filta limewekwa pale juu kwa sababu. Ile sponji iliyokuja nayo inatosha, ikiwa safi na ikiwa imepakwa oili. Sponji kavu haizuii vumbi, vumbi la maramu linapita kama chai kwenye chujio, linaingia kwenye silinda na linasaga ringi za pistoni.

Na kuna jambo la mlima ambalo watu wa video hawakuambii manake wengi wao wako chini kwenye usawa wa bahari. Kabale mko karibu mita 2,000 juu. Hewa ya huko ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 18 hadi 20 ya nguvu yake kwa kupumua hewa hio tu, haijalishi ni mpya au kuukuu. Kampala kwenye mita 1,200 hivi inapoteza kama asilimia 11. Kabureta haijui kama imepanda mlima, inaendelea kumimina petroli kama iko Mombasa, kwa hio mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko hewa. Utaona plagi nyeusi kama masizi ya sufuria, na moshi mweusi ukikamua mafuta. Ndiyo maana kila anayekwambia "ongeza jeti" mwambie asubiri. Huko kwako mara nyingi inatakiwa jeti kubwa, ile yenye tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta, ipungue saizi moja au mbili, na kitabu cha Honda kina maelekezo yake ya sehemu za juu, tafuta huo ukurasa. Jeti ni kakitu kadogo ka shaba ka bei ndogo, ukibadilisha ka saizi sahihi utashangaa. Usichokonoe kwa sindano. Mimi nilichokonoa jeti ya mteja kwa sindano ya kushonea nikiwa kijana, tundu likawa yai badala ya duara, injini ikawa inakunywa petroli kama ng'ombe na sikujua kwanini wiki mbili nzima, nikamlipia kabureta ya mtu. Jeti ikiziba tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, alafu iangalie kwenye mwanga.

Mwisho, magunia matatu ya viazi. Gunia lenyewe unajua uzito wake kuliko mimi. Kuna kibandiko kwenye keria kinasema mwisho kilo ngapi, kisome, utacheka. Tafuta trela ndogo ya tairi mbili, Katwe kule Kampala wanachomelea, au fundi yeyote wa huko kwenu. Kwadi inavuta kuliko inavyobeba, na ikibeba juu juu kwenye mteremko wa Bunyonyi inakurudia kifuani. Trela nayo usiijaze ovyo, manake kushuka mlima ni yenyewe itakayokusukuma.

Habari mzee. Mimi ni mkulima wa miwa upande wa Kakira, Jinja. Yamaha Grizzly 660 yangu inavuta matanki ya maji na miwa kidogo. Siku hizi nikiondoka na mzigo nasikia harufu ya mpira kuungua na kwadi inasita, alafu inashtuka inaenda. Nimeambiwa niweke kabureta kubwa zaidi.
*Msomaji, Jinja*

Kaka, hio nayo ni inayolia, ila kwako inayoteleza ni belti, ile inayopeleka nguvu ya injini. Grizzly 660 ina saisi (cc) za kutosha, ile injini ya valvu tano haikosi nguvu ya kuvuta tanki la maji, achana na kabureta.

Nikuulize, unaondoka ukiwa kwenye H, ile ya mwendo, au L, ile ya nguvu? Najua jibu. Watu wote wanaendesha kwenye H siku zote manake wanaona L ni ya wagonjwa. Kwenye H na mzigo, mwendo wa pole pole, belti inateleza juu ya puli badala ya kushika, inapata moto, inakuwa na uso wa kung'aa kama kiatu cha polisi, na ikishang'aa inateleza zaidi. L imewekwa kwa kazi yako hasa. Ukianza kuitumia leo umepata nguvu bila kununua kitu.

Alafu fungua kifuniko cha belti. Angalia vitu vitatu. Belti yenyewe: ikunje kwa mkono, tazama nyufa katikati ya meno, tazama kama kuna sehemu moja imeliwa nyembamba kuliko nyingine, hio ndiyo inakupa ule mshtuko wakati wa kuondoka. Upana wake pima ulinganishe na kitabu, ikiwa chini ya kiwango hakuna dawa, ni kununua. Pili nyuso za puli, ziwe kavu na safi, kama kuna alama nyeusi za mpira sugua na sandpepa laini kisha futa na kitambaa chenye spiriti. Tatu zile rola za ndani ya puli ya mbele, zinatakiwa ziwe duara kabisa, zikipata ubapa upande mmoja puli inakwama katikati na kwadi inakuwa kama imepooza. Rola si ghali, na ukiweka mpya nyepesi kidogo kuliko za mwanzo, gramu moja au mbili kwa kila rola usizidishe, injini inapata mzunguko mkubwa kabla belti haijapanda, kwa mtu wa mizigo hio ni raha. Spidi ya mwisho itapungua kidogo na petroli itaongezeka kidogo, lakini wewe na tanki la maji hamwendi mbio.

Kama unapita kwenye madimbwi, chini ya sanduku la belti kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifungue. Mara nyingi yanatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa na mtu anaruka nyuma.

Mzee wetu, mimi mama wa shamba kutoka Arua. Nina Kawasaki Bayou 300 ya siku nyingi. Ilikuwa ngumu kuwaka na haina nguvu ukikamua, fundi mmoja akanitolea kabureta akaweka ya boda boda. Sasa inawaka vizuri sana, silensa (injini ikinguruma bila kukamua) imetulia, lakini ikifika kwenye kupanda inakufa. Anasema injini imezeeka ninunue nyingine. Kweli?
*Msomaji, Arua*

Dada yangu pole. Injini yako mimi sijaisikia lakini mpaka hapo sina sababu ya kuisema vibaya, manake umeniambia inakufa na umeniambia sababu katika barua moja.

Bayou 300 ni injini ya saisi 290. Boda nyingi za hapa ni za saisi 100. Tuseme kabureta yako ya zamani tundu lake lilikuwa milimita 32 na hii ya boda ni milimita 20. Usione kama tofauti ni 12 tu. Eneo la tundu linakwenda kwa mraba, ile ya kwanza ina nafasi mara mbili na nusu zaidi ya hii. Umemfunga mtu mzima pua akapumue kwa mrija wa soda. Akikaa kwenye kiti hana shida, ndiyo maana silensa imetulia na inawaka haraka, mwambie akimbie sasa.

Rudi kwa huyo fundi leo, si kesho, umwambie kwa upole unaitaka kabureta yako ya zamani. Kama ameshaiuza mjini sijui, lakini kama iko kwenye lile kopo lake la vyuma, ichukue na fungua kifuniko cha juu, skrubu chache tu, kuna springi ndani usiipoteze kwenye majani. Chini yake kuna ngozi nyeusi ya mpira, laini, imeshikana na pistoni ndogo. Inue juu kwenye mwanga wa jua uinyooshe taratibu kwa vidole pande zote. Ukiona nukta ya mwanga hata kama tundu la sindano, umepata mgonjwa. Hio ngozi ikitoboka pistoni haipandi, na kama haipandi ukikamua injini haipati hewa wala mafuta ya kutosha, yaani hasa ile "haina nguvu ukikamua" uliyoniandikia. Inanunuliwa peke yake au pamoja na pistoni yake, Kampala pale Kisekka uliza wauzaji wa spea za pikipiki kubwa, peleka ile ya zamani mkononi walinganishe, usiende na jina tu.

Ngumu kuwaka ni jambo jingine, hapo naona jeti ndogo ya silensa imeziba manake ile ndiyo ya kwanza kuziba petroli ikikaa. Toa, osha, puliza hewa. Na kile kikombe cha chini kama kina kitu kama gundi ya kahawia, basi kila tundu la kabureta lina hio gundi.

Ukimaliza kabureta ikafanya kazi na bado inakufa mlimani, pima kompresheni. Kamua mafuta mpaka mwisho wakati unapima, usipokamua namba itakudanganya. Alafu mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu zinavuja, na hapo kwanza rekebisha nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, saa nyingine valvu imebana tu na dawa ni fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi, na nusu saa. Kuna injini zenye kitu cha kupunguza kompresheni wakati wa kustati, TRX350 ya yule wa Kabale ni mojawapo, namba zao zinatoka ndogo na fundi anakwambia imekufa wakati ni nzima. Kwa hizo omba fundi apulize hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, alafu sikiliza: hewa ikitokea kwenye ekzosi ni valvu ya moshi, ikitokea kwenye kabureta ni ya kuingiza, ikitokea pale unapowekea oili ni ringi. Mikono iwe mbali na tairi na gia iwe nyutro, hewa hio inaweza kuzungusha injini.

Ikifika kwenye kupanua silinda, nunua pistoni kwanza ndipo upeleke silinda kwa mtu wa leti aipanue kufuata hio pistoni. Watu wanafanya kinyume alafu wanatafuta pistoni miezi mitatu. Na usidanganywe kwamba kupanua ndiko kunaleta nguvu. Chukua hio hio TRX350, pistoni yake ni milimita 78.5 na mwendo wake 68, ndiyo inapata saisi 329. Ukipanua milimita nzima unapata kama 337, ni asilimia mbili na kitu, hutaisikia hata ukiwa umekaa juu yake. Unachokisikia watu wakisema "imekuwa mpya" ni kwamba ringi zimeshika tena.

Mzee, mwezi uliopita uliandika tusafishe sponji ya filta. Nikaiosha kwa petroli ikaachana vipande viwili. Nani atanilipa?
*Msomaji, Fort Portal*

Ndugu yangu, niliandika mafuta ya taa, au maji ya vuguvugu na sabuni. Petroli inakula gundi, na tena ni hatari, kuna mtu anavuta sigara karibu siku zote. Nunua sponji mpya, ioshe nilivyosema, kamua kwa kubana usisokote kama nguo, ikauke kivulini, ndipo uipake oili ya filta mpaka ilowe yote kisha ubane iliyozidi itoke. Paka grisi kidogo pale ukingo wake unapokaa. Na wakati filta iko nje, tazama kwenye ekzosi, kwadi ikikaa mwezi bila kuendeshwa nyigu wanajenga nyumba za udongo mle ndani, mimi nimeshatoa nyumba nzima na watoto wake. Kwenye ekzosi nyingi mna wavu wa kuzuia cheche, unaziba na masizi, utoe upige brashi ya chuma. Hio ndiyo ekzosi ya mbio ninayoruhusu.

Sponji sikulipi.

Mzee mimi niko Mbarara, kwadi yangu ni nzima lakini kwenye barabara ya maramu inaruka ruka kama mbuzi na usukani unavuta kushoto. Shoka (shokapu) mpya nne ni bei gani?
*Msomaji, Mbarara*

Usinunue shoka bado. Nani anakujazia upepo? Kama ni yule kijana wa kompresa pale stejini anayejaza boda na magari, basi amekuwekea 25 au 30 kama anavyowawekea wengine. Tairi za kwadi za kazi zinataka psi 3 mpaka 7 tu, namba yenyewe ya kwadi yako iko kwenye kibandiko karibu na tairi au kwenye fenda, na ile namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi mara nyingi ni ya kukalisha tairi kwenye rimu, si ya kuendeshea. Ukiijaza kama ya gari inasimama kwenye kitovu chake, haishiki, inaruka, na ubavu mmoja ukiwa na psi 2 zaidi ya mwingine usukani unavuta, manake kwenye psi 4 hizo mbili ni nusu ya upepo wote.

Geji ya gari haisomi vizuri huko chini, tafuta ya kwadi inayoishia 10 au 15, ni kitu kidogo na kinakaa miaka. Ukiikosa kwa sasa, toa upepo tairi zikiwa baridi mpaka uone ubavu umefanya tumbo kidogo, kisha pima mzunguko wa kila tairi la mbele kwa kamba, kushoto na kulia, mpaka kamba ilingane, na nyuma vile vile. Halafu geuza zile kola za chini ya shoka, zile zenye ngazi ngazi, uziweke za nyuma ngazi moja sawa kushoto na kulia, manake kwadi za mkono wa pili nyingi nimekuta moja iko ngazi ya kwanza na nyingine ya nne. Endesha wiki moja hivyo, uniandikie.